Kiondo Chenye Dirisha

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Mjini Kitui mawingu yalitanda tangu alfajiri, joto likawa la kugandisha shati mgongoni, na mvua ikakaa juu ya vilima kama mgeni ambaye hajaamua kuingia. Saa saba na nusu Kathini Muthama alifungua mlango wa ukumbi wa sinema, akapangusa kiti chake cha mlangoni, akamweka kuku mwekundu aliyefungwa miguu chini ya meza ya tikiti na kumfunika kwa gunia.

Kuku huyo ndiye aliyekuwa mpango wake wote.

Kathini ana miaka arobaini na saba na goti moja bovu. Kwa miaka tisa amekuwa mlinda mlango wa ukumbi ambao watu huuita Sinema ya Aftin, kwa sababu jina lililoandikwa ukutani lilifutwa na jua. Ndani kuna viti vya plastiki mia moja na kumi, viwili vimeshonwa kwa waya. Mwenyewe, Aftin Kusow, huuza mbuzi na simenti, lakini anachokipenda ni filamu.

Ukutani kuna bango: KUREKODI NI MARUFUKU. Kathini hulitegemea bango hilo kama anavyoutegemea utabiri wa hali ya hewa. Amewahi kumshika mtu aliyetoboa kofia ili simu ichungulie. Amewashika mchumba na mchumba waliodai mwanga ule ulikuwa wa kutafutia hereni, na msichana hakuwa ametoga masikio. Amemshika mwalimu aliyekata kurasa za katikati za Biblia akalaza simu humo. Kathini aliketi karibu naye akamwambia, "Fungua Zaburi, mwalimu, tusome pamoja."

Hapigi kelele wala hanyang'anyi simu. Dawa yake ni kuketi kando ya mwizi na kuanza kusimulia habari za goti lake, kwa sauti, tangu lilipoteguka mpaka daktari alivyosema. Baada ya dakika tano rekodi ile haina thamani tena. Wengi huzima simu wenyewe na kumpa pole.

Lakini mwezi wa kumi alishindwa, na aliyemletea habari ni Musyimi.

Musyimi ni kijana wa Wote, kule Makueni, aliyetengeneza filamu ya kuchekesha iitwayo Punda wa Mwenyekiti. Alikuwa ameionyesha kwenye ukumbi wa Aftin peke yake, kwa mapatano kwamba isitoke nje ya ukumbi. Wiki moja baadaye alikuwa safarini kwenda Mombasa, akashuka Mtito Andei kula nyama. Alipoinua macho kutoka kwenye sahani akamwona punda wake mwenyewe kwenye runinga ya hoteli, na madereva wa malori ishirini wakishangilia. Katikati ya maneno ya punda ikasikika sauti ya mwanamke ikisema, "We wa kiti cha tisa, shusha miguu, hapa si kwa mama yako!"

Musyimi aliitambua sauti hiyo kuwa ya Kathini. Akampigia Aftin kabla hajanawa mikono.

"Mama Kasyoka," Aftin alimwambia Kathini siku ile, akimwita kwa jina la binti yake kama kawaida, "sehemu ya pili anatuletea Jumamosi ya kumi na sita. Anakuja kukaa ndani mwenyewe. Ikirekodiwa, anaondoka na filamu zake zote, na wallahi mimi nafunga. Naweka ghala la ndengu humu."

"Ndengu?"

"Magunia mia nne. Ndengu haitaki mlinda mlango."

"Na mimi niende wapi na goti hili?"

Aftin alitazama pembeni. Hakupenda kusema uongo siku ya Ijumaa.

Kathini akaomba aonyeshwe rekodi ile, jinsi Musyimi alivyoinasa kwa simu kutoka kwenye runinga ya hoteli na kumtumia Aftin. Akaitazama kwenye simu ya Aftin mara nne, na hakutazama punda hata mara moja. Alitazama ukingo. Picha ilikuwa ya duara, na pembeni mwake kulitokeza nyuzi za katani: mbili za zambarau, moja ya kijani, mbili za zambarau, moja ya kijani.

Ilikuwa imerekodiwa siku ya soko. Siku ya soko wanawake huingia sinema moja kwa moja kutoka sokoni, viondo thelathini au arobaini, vikapu vya kusuka, magotini, na wanaume wengine hubebeshwa vya wake zao. Kathini alikuwa amekagua mikoba, makoti na kofia. Kiondo hakukagua. Hakuna mtu Kitui anayetia mkono ndani ya kiondo cha mwenzake.

Lakini upindo ule aliujua. Mama yake alikuwa msusi, naye Kathini alijaribu kusuka akiwa msichana, akaacha kwa sababu viondo vyake vilikuwa vikisimama upande kama mlevi. Zambarau mbili kwa kijani moja ni mkono wa mtu mmoja tu: bibi Syokau wa Matinyani.

Alimkuta Syokau barazani akisokota uzi wa katani juu ya paja lake. Baada ya salamu ndefu na chai, Kathini akauliza kama kuna mtu aliyeagiza kiondo chenye tundu.

"Si tundu, mwanangu. Dirisha," Syokau akamsahihisha. "Nimelipinda vizuri, halifumuki. Shemasi Nthiwa ndiye aliniagiza. Alisema anataka kubebea kuku wa shukrani, asikose pumzi njiani."

Kathini akaweka kikombe chini. "Mwaitu, mama yangu, kuku hakuingia humo. Iliingia simu." Akamweleza yote, mpaka magunia ya ndengu.

Syokau akausokota uzi wake mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku mwekundu amemshika miguu.

"Mimi sikusuka uongo," akasema. "Niliambiwa ni cha kuku. Basi kipate kuku."

Lingekuwa jambo rahisi kumfukuza Nthiwa mlangoni, kama angekuwa mtu mwingine. Shemasi Nthiwa ndiye mpiga mnada wa kanisa. Kila Jumapili, waumini wakishatoa sadaka za vitu, yeye husimama na kuuza mapapai, mayai na kuku kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Ndiye pia aliyesimama madhabahuni mwezi wa kumi akatangaza kwamba Punda wa Mwenyekiti haina dhambi ndani yake. Nusu ya viti vya Aftin hukaliwa na kanisa hilo. Kumwaibisha shemasi ni kuvifanya viwe vitupu, na viti vitupu navyo huishia kuwa stoo ya ndengu. Kathini alihitaji kumzuia bila kumshtaki.

Saa nane na dakika arobaini, Nthiwa akafika. Amevaa tai, kiondo cha zambarau na kijani begani, kitambaa cheupe juu yake.

"Bwana asifiwe, dada Kathini."

"Ameni, Shemasi. Kiondo leo?"

"Kuku ya shukrani ya kesho," akasema, na kwa kuwa hajui kusema polepole, foleni nzima ikasikia. "Nikitoka hapa naipeleka moja kwa moja kwa mchungaji."

"Imenyamaza sana."

"Ni kuku ya adabu."

Akaingia, akachukua kiti cha katikati mstari wa mbele, akapakata kiondo, dirisha likitazama pazia. Nyuma yake aliketi Musyimi, mikono kifuani, macho kama ya askari wa forodha. Aftin alisimama ukutani akitafuna kucha.

Kathini alingoja watu wote wakae. Kisha akatembea mpaka mbele, goti likilia, kuku mwekundu kwapani, kamba ameshaifungua.

"Shemasi," akasema, "nimekuwa nikifikiria hii kuku yako. Saa nzima gizani peke yake, na ni kuku ya Mungu. Nimeiletea mwenzake."

"Hapana, dada, usijisumbue..."

"Shukrani haikataliwi!" mama mmoja akaita kutoka nyuma.

"Mbili ni bora kuliko moja, hata Mhubiri amesema," mwingine akadakia.

Kathini akainua pembe ya kitambaa, akamtumbukiza kuku, akafunika. Ndani ya kiondo kukatokea vita. Nthiwa akakikumbatia kwa mikono miwili na kutabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza, na dakika chache baadaye mvua nayo ikashuka juu ya mabati.

Kuku wa Syokau hakuwa kuku wa adabu. Punda alipolia mara ya kwanza, naye akajibu. Mwenyekiti alipoanguka mtaroni, kichwa chekundu kikatokeza kwenye dirisha la kiondo, kikatazama filamu kwa jicho moja, kisha kwa lingine.

"Angalau inaangalia," Musyimi akanong'ona nyuma. "Ile ya kwanza imelala mpaka sasa?"

"Ile ni... nzee," Nthiwa akasema.

Hapo ndipo kiondo kilipoanza kuimba.

Ilikuwa pambio la kwaya ya akina mama, na makofi, na kayamba, likitoka chini kabisa ya kuku. Mwanga wa samawati ukapenya kati ya nyuzi. Ukumbi wote ukamwacha punda na kumgeukia shemasi.

"Shemasi, kuku yako imeokoka!"

"Na ina sauti ya kwanza!"

"Iache imalize ubeti!"

Nthiwa alijua anayepiga. Ni mke wake tu mwenye mlio huo, na mke wake alikuwa amekatazwa kupiga saa za sinema. Mtu wa mahali pengine angeiacha simu iimbe mpaka ichoke. Lakini mvua ilikuwa ikimwagika juu ya mabati, na Mkamba akipigiwa na nyumbani mvua ikinyesha anajua ni habari ya maji ya kukinga. Akatia mkono chini ya kuku, akadonolewa mara mbili, akaitoa simu. Ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa kitambaa, na imepakwa kitu ambacho kuku hupaka bila kuombwa.

"Nthiwa!" Sauti ya mke wake ikatoka hata kabla hajaiweka sikioni. Inaonekana mke na mume walikuwa wa kipimo kimoja cha sauti. "Mfereji wa paa umeng'oka! Maji yote yanaenda kwa jirani! Tangi haipati hata tone, na wewe uko huko na simu kwa kikapu!"

Hata wanaocheka walinyamaza kidogo kwa ajili ya tangi. Halafu wakakumbuka kikapu.

"Kumbe simu ndiyo kuku ya kwanza," Musyimi akasema.

"Nilikuwa naiweka mahali pa joto," Nthiwa akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake haikufika mstari wa pili.

Kathini akasogea mpaka kwa shemasi. Alimshika mkono, akamtoa mpaka kibarazani, akamwekea kiti chake mwenyewe. Musyimi na Aftin wakawafuata. Nthiwa akaifungua simu akawaonyesha. Kulikuwa na dakika thelathini na moja: manyoya mekundu, giza, na mguu mmoja wa kuku uliokanyaga katikati.

"Ile ya kwanza ilienda Mtito Andei kwa nani?" Musyimi akauliza.

"Kwa ndugu yangu Nzioka. Ana hoteli. Madereva walikuwa wanakula sahani moja wanaondoka. Punda alipowekwa, wakaanza kuagiza ya pili." Akafuta uso. "Sikuona ni wizi. Kitu kinaonekana na watu mia, nikaona wakiwa mia mbili si dhambi."

"Shemasi, hata sadaka inaonekana na watu mia," Kathini akasema. "Sijawahi kukuona ukiibeba kwenda kwa Nzioka."

Aftin aligeuka kutazama mvua, mabega yakitikisika.

Mapatano yalikuwa ya Kathini. Rekodi ifutwe hapo hapo, na Nzioka apigiwe aifute yake. Kesho shemasi apeleke kuku kanisani kama alivyotangaza, akisha kumuuza aseme kwa sauti ile ile kwamba kurekodi sinema ni kuiba.

"Niseme mimi?"

"Ni nani mwingine anayesikika ng'ambo ya barabara?"

Musyimi alifikiri. Kutoka ndani kilisikika kicheko cha watu mia wakicheka kitu ambacho yeye alikiandika. "Ninyi endeleeni kuionyesha mpaka Krismasi," akamwambia Aftin. "Lakini huyu mama asitoke mlangoni."

"Nimpeleke wapi?" Aftin akasema. "Ndengu itakaa kwa mjomba wangu."

Nthiwa akarejesha tai mahali pake, akaomba ruhusa, akakimbia kwenye mvua kwenda kuokoa tangi. Kiondo na kuku alivisahau. Kathini alivipeleka kwa mchungaji jioni ile.

Jumapili asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Kathini alikwenda kanisani mapema, akaketi kiti cha mbele upande wa wanawake, uzi wa katani na sindano kubwa ndani ya mkoba. Bibi Syokau alikuwa amekuja kutoka Matinyani kwa pikipiki, akaketi karibu naye. Wakati wa mnada ulipofika, Nthiwa akamwinua kuku mwekundu, na kabla hajafungua kinywa kijana wa kwaya akauliza kama ataimba kwanza. Kanisa likacheka mpaka mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Shemasi alingoja kicheko kipite. Akauza, na mnada ukamwangukia Kathini: kuku pamoja na kiondo chake. Kisha shemasi akalisema lile neno la kurekodi lote, bila kurukaruka, na barabarani wauza ndizi wakageuka.

Baada ya ibada Kathini alikaa kwenye ngazi za kanisa akaziba dirisha la kiondo, Syokau akimwelekeza kwa kidole na kuguna kila aliporuka nyuzi. Kiraka kikatoka kimepinda. Akamtia kuku, akapachika kiondo begani, akashika njia ya nyumbani, na kuku akapiga kelele njia nzima.