Ukurasa Uliosalimu Kwanza

Kipkosgei wa Kimulot alikuwa mtu wa maneno machache. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na kwenye kituo cha kupimia majani chai aliwaachia wengine foleni kuliko kugombana. Lakini mwaka ule wa tisini na tisa wachumaji wenzake walimwona akiongea peke yake katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, tabasamu usoni. Walisema kuna jambo limemwingia, wala hawakukosea. Kipkosgei alikuwa na tovuti.

Mambo yalianza na matope. Mwanamke mmoja wa Uholanzi, gari lake lilikwama karibu na shamba lao, pale chai inapoishia na msitu wa Mau kuanza. Akalala kwao siku mbili, na alipokuwa akiaga alisema kwamba watu wa kwao wangekuja wengi kama wangepata mahali pa kulala. Kipkosgei aliyameza maneno yale kama mtu aliyemeza mbegu. Akajenga nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu na paa la mabati, kwa mikono yake. Mkewe Janeffer akashona mapazia. Kisha wakakaa kusubiri wageni, na wageni hawakuja.

Ardhi ile ilikuwa ya baba yao marehemu na ilikuwa haijagawanywa. Kaka yake mkubwa, Chepyegon, alikuwa na kijana, Kipkirui, aliyetaka kuoa na hakuwa na nyumba. Chepyegon hakuwa mtu mbaya. Aliwaita wote wakakaa, akasema nyumba haiwezi kulala tupu huku mtoto wa ukoo akiomba mahali pa kulaza kichwa. Mahindi yakivunwa kabla mgeni hajaingia, Kipkirui ataingia. Kipkosgei aliona kaka yake amesema haki, akakubali. Usiku huo Janeffer alimuuliza kama alikuwa na akili timamu.

Ndipo alipoteremka Kericho mjini kwa Mellen Bitutu. Mellen alikuwa mwanamke wa Kisii aliyeolewa na karani wa shamba kubwa la chai. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kwenye kompyuta, na sasa alikuwa na chumba kidogo nyuma ya maduka, akichapa kadi za harusi, programu za mazishi na barua za kuomba kazi. Kompyuta yake moja ilikuwa na waya wa simu, na kwa waya huo, kupitia Nakuru, alisema anaweza kufika popote duniani, ila mvua ikinyesha tu. Alimwambia Kipkosgei atamtengenezea ukurasa ambao mtu wa Ulaya ataufungua akiwa kwake akinywa kahawa. Kipkosgei alisema waanze papo hapo.

Ukurasa wenyewe aliuandikisha amesimama nyuma ya kiti, yeye akisema kwa Kiswahili, Mellen akitia kwa Kiingereza. Aliuandikisha jinsi mgeni anavyopokelewa nyumbani kwa Mkipsigis. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa Chamgei, salamu ya Kikipsigis. Chini yake aliuliza hali ya msomaji, ya watoto wake, ya ng'ombe wake. Akaeleza mvua ya Kimulot imekuwaje. Akataja jina la baba yake, ukoo wake na rika lake, maana mtu hawezi kulala kwa watu asiowajua. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, akasema kwamba kuna vyumba pia, vya kawaida tu, mtu akipenda. Mellen alimtazama kidogo, lakini mteja ni mteja, akaandika.

Chini ya ukurasa palikuwa na mita, kama ile ya umeme, iliyoongeza namba kila mtu alipoufungua. Kila aliposhuka mjini Kipkosgei alipitia kuitazama. Mahindi yalipofika magotini ilisoma ishirini. Yalipofika kifuani alikuja mbio.

“Madam, imefika arobaini na moja.”

“Mzee, arobaini ni mimi na wewe,” Mellen alisema. “Huyo mmoja simjui. Labda alipotea njia.”

Kipkosgei alikaa chini. Kwa mara ya kwanza alieleza habari ya kaka yake, na Kipkirui, na mahindi. Mellen aliacha kuchapa. Aliuliza mahindi yamefika wapi, akaambiwa yameanza kutoa ndevu. Basi akavuta kiti kingine.

“Hebu tujitafute sisi wenyewe,” akasema, “kama watu tusiojijua.”

Akaingia kwenye mtambo wa kutafutia tovuti, akaandika nyumba ya wageni, msitu, Kenya. Simu ilinung'unika, kisha majina yakaanza kushuka. Palikuwa na mahoteli ya Nairobi, ya Mombasa na ya Maasai Mara. Palikuwa na muuza chai wa India asiyehusika kabisa. Wakafungua orodha ya pili, ya tatu, wakaendelea mpaka Mellen akachoka vidole. Kipkosgei hakuwepo. Kisha Mellen, kwa uchokozi, akaandika Chamgei. Ukurasa ukatokea palepale, wa kwanza, peke yake.

“Umepatikana,” akasema. “Mtu akiamka Ujerumani na hamu ya kusalimiwa kwa Kikipsigis, anakuja kwako moja kwa moja.”

Kipkosgei alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akauliza sababu. Mellen alimweleza kwamba mtambo ule hauna macho wala adabu. Unapita mbio juu ya kurasa za dunia nzima, na unatilia maanani zaidi kichwa cha ukurasa na mistari ya kwanza, kisha unaulinganisha na maneno ya anayetafuta. Ukikuta salamu, unafikiri huo ni ukurasa wa salamu. Kipkosgei alifikiri kidogo. Akasema ameelewa, ni kama mnada wa ng'ombe kule Ndanai. Pale hakuna anayeuliza habari za nyumbani. Anayenadi anaanza na rangi, pembe na maziwa, na aliye mbali nyuma ya watu anajua kama asogee au abaki.

“Ndiyo hiyo,” Mellen akasema. “Sasa nadi.”

Hapo ndipo palipokuwa na mlima. Kusifu cha kwako mbele ya mgeni, kabla hata hajakaa, kulimtia Kipkosgei aibu kama kutoka nje bila shati. Alisema kizuri chajiuza. Mellen akamjibu kwamba kizuri chajiuza kikiwa sokoni, na chake amekificha nyuma ya nyumba, tena akakifunika na salamu. Wakashindana hivyo mpaka Mellen akasema neno ambalo Kipkosgei alilibeba njia nzima kurudi Kimulot.

“Mzee, mtu hawezi kusalimiwa kama hajafika.”

Sasa swali likawa moja. Anadi nini? Alimuuliza Janeffer, aliyekuwa ameketi uani akisugua kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kwa kijinga cha mti. Kipkosgei alidhani ni blanketi, au maji moto, au maziwa. Janeffer hakuinua hata kichwa.

“Yule mama wa Uholanzi aliuliza blanketi lini? Aliuliza ndege, Baba Chelangat. Turako, turako, mpaka chai yake ikapoa.”

Kipkosgei alisimama wima. Kumbe mama yule alikuwa anamsema shorobo, yule ndege mwenye mabawa mekundu anayekuja kwenye mti wa nyuma ya jikoni kula matunda, na ambaye wao walimfukuza kwa kelele zake za asubuhi. Hakuwa amemtaja hata mara moja. Nani angemsifu shorobo? Ilikuwa kama kumsifu kuku. Tena kulikuwa na mbega, wanaoruka juu ya mto na mikia yao myeupe, na hao pia hakuwataja. Alianza kucheka na Janeffer akacheka, na kibuyu kikasubiri.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Mellen kabla Mellen hajafika. Waliandika upya asubuhi nzima. Juu sasa palisomeka: Nyumba ya wageni kando ya msitu wa Mau, Kenya. Shorobo, mbega na mashamba ya chai. Mstari wa kwanza ulisema mtu anaweza kumwona shorobo akiwa amekaa kwenye kiti, kikombe mkononi. Jasho lilimtoka Kipkosgei kwa kila sifa, lakini moyo ulimpiga kama wa kijana anayeposa. Salamu hakuzifuta. Zilishuka chini, mahali ambapo mgeni amekwisha kuingia.

Kisha Mellen akaanza kupeleka jina la ukurasa kwenye mitambo ya kutafutia, mmoja baada ya mwingine. Mvua ya mawe ikaja, laini ikakatika. Ikarudi, akaanza tena. Alisema itachukua majuma kabla mitambo haijapita kuusoma. Kipkosgei akahesabu majuma kwa mahindi, na hesabu ikakataa.

Kulikuwa na njia nyingine. Mellen alikuwa ameona tovuti ya chama cha watazamaji ndege huko Uingereza, yenye orodha ya mahali pa kwenda. Wakitajwa pale, wapenzi wa ndege wataingia kwao kwa mlango huo, na mitambo mingine mipya huuamini zaidi ukurasa ambao wengine wameutaja. Akataka kuandika mistari mitatu tu. Kipkosgei, kwa sauti ndogo, akauliza barua hiyo inasomwa na mtambo au na mtu.

“Mtu,” Mellen akasema. “Katibu wao.”

“Basi niachie huyo.”

Akamwandikia kama mtu anayemwandikia shemeji. Akauliza hali yake, watoto wake, mvua ya kwao, na kama miguu yake bado inamruhusu kufuata ndege. Mwisho ndipo akamweleza habari ya nyumba na shorobo. Mellen alichapa huku anatikisa kichwa.

Jibu lilikuja Jumatatu iliyofuata, refu kuliko barua yenyewe. Katibu alikuwa mzee. Alijibu yote bila kuruka moja: goti la kushoto lilikuwa bovu, wajukuu walikuwa wazima, mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi. Alisema amekuwa katibu muda mrefu na hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya miguu yake. Ukurasa wa Kimulot alikuwa ameshauweka kwenye orodha, na ameutaja katika jarida la chama.

Kuanzia hapo mita ikaamka. Kipkosgei alipoteremka tena ilikuwa imepita mia. Akashuka tena, ikawa imepita mia tatu, na Mellen akaapa hakuufungua hata mara moja. Wakajitafuta upya. Waliandika neno la shorobo pamoja na Kenya, wakakaza macho. Walikuwa wa tatu kutoka juu. Mellen alipiga meza, na mteja aliyekuwa akingoja programu ya mazishi akageuka kuwatazama. Kipkosgei aliomba waandike tena, aone kama haitabadilika. Haikubadilika.

Lakini mita si mgeni. Kule nyumbani mahindi yalikuwa yamekauka, na Chepyegon alikuwa amekwisha kunoa panga. Kipkirui alishapima madirisha. Siku ambayo Chepyegon alianza kukata mstari wa kwanza, Mellen alipiga simu dukani Kimulot na kumwachia Kipkosgei ujumbe aje haraka. Barua ilikuwa imeingia. Watu wanne, wanachama wa kile chama, walikuwa Nakuru tayari. Walitaka kufika Ijumaa, walale siku nne, na waliuliza kama kiti cha kumwonea shorobo kipo kweli.

Kipkosgei alirudi na karatasi mfukoni, akaenda moja kwa moja shambani. Hakuwahi kumwomba kaka yake kitu tangu utoto. Alisimama kwenye mabua, akainyoosha karatasi, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoroka.

“Kaka, wanakuja Ijumaa,” akasema. “Wanne. Wanakuja kweli.”

Chepyegon aliitazama karatasi pande zote mbili. Akamtazama mdogo wake. Kisha akachomeka panga ardhini.

“Karatasi si mgeni,” akasema. “Lakini mgongo wangu unauma. Sitaweza kumaliza shamba hili kabla ya Ijumaa.”

Mgongo wa Chepyegon ulikuwa haujawahi kuuma.

Ijumaa wakafika, wote wazee, na viatu vya matope na darubini shingoni. Jumamosi alfajiri shorobo alianza kelele zake, na wote wanne wakatoka na nguo za kulalia, wakasimama kwenye umande midomo wazi, wakishikana mikono kama watoto. Janeffer aliwaletea chai na hakuna aliyeigusa. Chepyegon alikuwa ameegemea ua akishuhudia. Alimuuliza Kipkosgei kwa mnong'ono kama watu hawa wamesafiri kuvuka bahari kwa ajili ya ndege yule yule, na alipoambiwa ndiyo, akainua macho kumtazama ndege upya. Kabla hawajaondoka wageni waliomba kurudi mwezi wa pili, na wakaomba vyumba vyote kwa ajili ya wenzao.

Juma lililofuata Chepyegon alimaliza mahindi yake kwa siku moja. Kisha akamwita Kipkirui, akamwambia alete nguzo na kamba, wakapanda hadi juu karibu na barabara, mahali pakavu, pazuri kwa nyumba ya bibi harusi. Kipkosgei alishika ncha moja ya kamba. Kaka yake alishika nyingine, akaivuta ikakazana, na Kipkirui akaanza kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.