Udongo Kutoka Mlangoni kwa Kavutha

Mwalimu Syombua hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mkavu wa maneno, hana mzaha, na chai ya saa nne aliinywa akiwa amesimama kana kwamba viti vya ofisi ya walimu vina misumari. Nilifundisha naye miaka tisa katika shule moja ya msingi huko milimani, juu ya mji wa Machakos, na miaka minne ya kwanza nilimcheka. Nasema hivyo mapema nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Tulimchekea ile kona yake. Nyuma ya darasa la tatu alikuwa ametundika pazia la magunia, na ndani yake akaweka sinia kubwa la mchanga, kopo la maharagwe, na vipande vya kadibodi alivyobandika herufi za kamba ya mkonge. Watoto walioshindwa kusoma aliwaketisha humo dakika arobaini kila siku, wenzao wakiwa uwanjani. Herufi moja iliweza kuwachukua wiki nzima. Waliitazama, wakaipapasa kwa kidole, wakaitamka, wakaiandika hewani kwa mkono mzima kuanzia begani, halafu wakafumba macho na kuichora mchangani huku wakiitamka tena. Maharagwe yalikuwa ya kuhesabia silabi. Sisi wengine tulimwita Mfinyanzi, na yeye alijua.

"Kama macho imekataa, tutaingilia kwa kidole," aliniambia siku moja nilipomuuliza kama hachoki. Akanipa mgongo, akaendelea kukata kamba.

Hakuna aliyemtuma kuyajua hayo. Alikuwa na mdogo wake, Bonface, ambaye alipigwa viboko tangu darasa la kwanza hadi la tano kwa sababu ya kutojua kusoma, na siku moja akaruka ua wa shule asirudi tena. Huyo Bonface sasa anabeba mifuko ya saruji Athi River, na lori likiharibika njiani yeye ndiye anayeitwa, maana anaifungua injini na kuifunga bila kuuliza mtu. Syombua alikuwa mmoja wa waliomcheka nyumbani. Nadhani hakuwahi kujisamehe. Aliposikia kwamba kuna mafunzo ya likizo Nairobi kwa walimu wa watoto wa namna hiyo, alienda Agosti tatu mfululizo, sisi tukiwa makwetu tumenyoosha miguu.

Kisha ukaja mwaka wa 2003, shule ikawa ya bure, na darasa lake likajaa watoto tisini na sita. Mmoja wao alikuwa Mutindi, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa akikaa darasa la tatu kwa mara ya tatu. Kwa mdomo, Mutindi angekusimulia habari ya Yusufu na ndugu zake bila kuruka hata ngamia mmoja. Mpe kitabu, jasho linamtoka. B na d kwake zilikuwa mapacha, na maneno marefu aliyabahatisha kwa kukutazama usoni aone kama umefurahi. Mama yake, Ndinda, alikuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, nguo za kuuzwa ng'ambo, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mtoto alilelewa na nyanya yake, Kavutha, mama wa kanisa, mkali, asiyejua kusoma wala kuandika na asiyependa kukumbushwa.

Kufikia muhula wa pili Mutindi alikuwa ameanza kusoma. Polepole sana, lakini alikuwa anasoma, na alikuwa ameacha kututazama nyuso. Wakati huohuo mjomba wake, Makau, aliyekuwa akiishi Athi River, alipata mtoto. Mkewe alitaka kurudi kazini. Makau akaanza kuja nyumbani kila Jumapili na mkate na sukari, akimwambia mama yake kwamba msichana asiyesoma anapoteza muda shuleni, heri aje alee mtoto. Kavutha alikula mkate na kukataa. Ndinda alikuwa amesema mtoto asome, basi.

Hapo ndipo tulipomsaidia Makau, na nasema tulipomsaidia kwa sababu nilikuwepo.

Mchanga wa sinia ulikuwa umejaa kokoto. Syombua akawaambia watoto wanne wa kona yake kila mmoja alete kopo la udongo laini kutoka nyumbani. Hakusema zaidi ya hayo. Mutindi ni mtoto wa kufanya mambo sawasawa, na udongo laini kuliko wote bomani ni ule wa mlangoni, uliosagwa na nyayo. Akaukwangua kwa kijiko, akauchekecha kwa chujio cha chai, akajaza kopo tupu la mafuta ya Kimbo na kulibeba hadi shuleni.

Kwetu Ukambani udongo uliokanyagwa na mtu hautolewi mlangoni pake. Anayeuchukua ana nia naye, na nia hiyo si njema. Hata sisi tunaoimba kwaya tunalijua hilo, tunajifanya tu hatulijui. Syombua ni Mkamba, mimi ni Mkamba. Tuliliona lile kopo, nikasifu hata ulaini wa udongo wenyewe, na hakuna aliyeuliza ulichotwa wapi. Lakini jirani alikuwa amemwona mtoto akikwangua. Na mzazi mwingine, akipita dirishani, akaona watoto wanne wamefumba macho, vidole udongoni, wakinong'ona kwa pamoja. Ukiwa na hayo mawili huhitaji kuongeza chumvi kusema mwalimu anaroga.

Asubuhi iliyofuata Kavutha alikuja hadi langoni, akakataa kuingia, akamwita Mutindi kwa sauti ambayo darasa la nane waliisikia, akaondoka naye. Makau alipopata habari alifika siku hiyohiyo. Alimwambia mama yake asiwe na wasiwasi, atamwandikia barua ya kudai udongo wake kwa wakubwa wa elimu. Akaenda kuipigisha chapa mjini, akarudi nayo, na Kavutha akaweka kidole gumba.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Bartholomew. Afisa wa elimu alikuwa amekuja na pikipiki, ana vumbi hadi kwenye nyusi, na barua iko mbele yake mezani. Makau alikaa karibu na mlango. Kavutha alikaa wima, leso imefungwa kifuani, na Mutindi amesimama nyuma yake. Mimi niliwekwa kuandika kumbukumbu. Barua hiyo sikuwa nimeiona, wala Syombua.

"Mama, hii barua ni yako?" afisa akauliza.

"Ni yangu."

"Na bado uko na msimamo huo?"

"Niko nao. Si ni haki yangu?"

"Mambo yote iko hapo kwa barua, mkubwa," Makau akadakia. "Tusirudie rudie. Mama amechoka."

Syombua akasimama. Aliweka kopo la Kimbo mezani, akamgeukia Kavutha. "Mama, udongo ni huu. Hakuna kitu nimefanya nao isipokuwa kufundisha. Lakini kosa ni langu. Mimi ni mtu wa hapa, ningeuliza. Naomba unisamehe."

Kavutha hakulitazama kopo.

"Udongo sio shida yangu," afisa akasema. "Mwalimu, hii kona yako inayosemwa kijijini nikiifunga leo, kuna mtoto atapoteza kitu? Huyu msichana anasoma ama hasomi? Kama hasomi, nitakubaliana na barua na Ijumaa mambo yaishe."

"Anasoma. Polepole, lakini anasoma."

Makau akacheka. Bwana Bartholomew akachomoa kitabu cha darasa la tatu rafuni, lakini afisa akakisukuma pembeni. Hicho atakuwa amekikariri, alisema. Akatazama mezani, hapakuwa na karatasi nyingine, akaichukua ile barua na kumnyooshea Mutindi.

"Soma hii."

Makau aliinuka nusu. "Hiyo si kitabu ya mtoto, mkubwa. Hiyo ni mambo ya wazee."

"Wewe umesema hajui kusoma. Sasa unaogopa nini? Na wewe mwalimu, keti. Usimsaidie. Hata midomo usichezeshe."

Syombua akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Miaka tisa, sijawahi kumwona akiogopa isipokuwa siku hiyo.

Mutindi aliweka kidole kwenye karatasi. Kidole kikabaki palepale. Nilitamani nimnong'oneze lile neno la kwanza. Makau alikohoa.

"Mi-mi," Mutindi akaanza. Kila silabi aliipiga kwa vidole mkononi, kuanzia begani kushuka, kama alivyofundishwa. "Mimi Ka-vu-tha." Nyanya yake akainua kichwa. "Ni-me-ku-ba-li. Nimekubali mto-to hu-yu Mu-ti-ndi a-to-le-we shu-le."

"Anabahatisha!" Makau akasema.

"Nyamaza," afisa akamwambia.

"I-ju-maa. A-e-nde Athi River kwa Ma-kau ku-le-a mto-to."

"Rudia hapo," Kavutha akasema.

Mutindi akarudi nyuma kwa kidole na kurudia. Ilikuwa ileile, neno kwa neno. Kavutha aligeuka taratibu akamtazama mwanawe. Makau alikuwa anatafuta kitu mfukoni.

"Mimi nilisema udongo," Kavutha akasema. "Nilisema udongo wangu urudishwe. Haya nani amesema?"

"Mama, hebu twende, tutaongea nyumbani."

"Mtoto, imeisha?"

"Bado, susu," Mutindi akamjibu nyanya yake.

"Basi maliza."

Mstari uliobaki ulikuwa mmoja. Mutindi akasoma "Hana", akakwama. Nililiona neno kutoka nilipokuwa: bidii, lina b na d zote mbili, adui zake wa miaka mitatu. Akajaribu kimoyomoyo. Akatazama juu, na nikaogopa kwamba anarudia mchezo wake wa zamani, anatafuta usoni mwa mtu kama amepata. Lakini alikuwa amefumba macho. Kidole kilichora kitu pajani, juu ya sare, mara moja, mara mbili. Akagusa midomo kuona kama imekutana, maana b huikutanisha na d haiikutanishi. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika zamani.

"Bi," akasema. "Bi-dii. Hana bidii."

Hakungoja kusifiwa. Kidole kikasogea.

"Ha-na a-ki-li ya ku-so-ma."

Niliona aibu kubwa, kwa sababu hayo maneno nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe katika ofisi ya walimu, kuhusu mtoto huyuhuyu, nikinywa chai.

"Nani hana?" Kavutha akauliza.

Mutindi alirudi juu ya karatasi, akaitafuta mistari mmoja mmoja mpaka akahakikisha, maana siku hizi alikuwa habahatishi. "Ni Mutindi," akasema. "Wameandika ni mimi, susu."

Kavutha alisimama. Aliichukua barua mkononi mwa mtoto, akaitazama ile alama ya kidole gumba chake chini ya maandishi, akaikunja mara nne na kuitia kifuani. Kisha akamwambia Makau bila kupaza sauti, "Mtoto wako mtalea wenyewe."

Akamgeukia Syombua. "Mwalimu, saa hii wako na somo gani?"

Syombua bado alikuwa ameikalia mikono yake. Ilinibidi nimjibie mimi.

"Hesabu, mama."

"Basi aende," Kavutha akasema. "Amekosa siku tatu."