Faili la Ng'ombe Aliyezaa Ugenini

Watu wakiniuliza kazi yangu, nikawaambia natunza kumbukumbu za serikali, wananionea huruma. Wanadhani nashinda na panya. Panya wapo, sikatai, lakini kazi hii naipenda na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Nilianzia Geita, mji ambao kila mtu kaja juzi, na akisikia dhahabu imelipuka kwingine kesho hayupo. Faili unalifungua leo, mwenyewe kashaondoka. Baadaye nikahamishiwa huku Kishapu, kwa wafugaji na wakulima wa pamba, watu wanaokaa pale pale walipozikwa babu zao. Huku mafaili ni manene. Na mimi nimenenepa humo humo.

Mwaka tulioambiwa tuhamie jengo jipya, ikaja amri kwamba hakuna kubeba makaratasi ya zamani bila kuyachambua. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Wa kwanza mimi, kwa kuwa masjala ni yangu. Wa pili mwanasheria wetu, kijana wa mashati ya kunyooshwa, mwenye haraka ya kwenda sijui wapi. Wa tatu bwana mifugo, mwenyeji wa huku huku, mtu akicheka meza inatikisika. Tulifungiwa kwenye chumba cha mafaili yaliyofungwa, tukawa tunapanga marundo: ya kuhama nasi, ya kupeleka kituo cha kumbukumbu yakatunzwe daima, na ya kuteketeza. Mwongozo upo, unasema faili la aina gani likae miaka mingapi. Ila mwongozo haujamaliza kila kitu, na pale ulipoishia ndipo tulipokuwa tunagombana.

Na kugombana najua. Mwanasheria alikuwa anasema "choma" kabla hata ya kufungua jalada.

"Fungua kwanza," namwambia.

"Mama, kwa mwendo huu tutamaliza lini?"

"Aliyekuambia tumekuja kumaliza ni nani? Tumekuja kuchagua."

Anafungua huku amenuna. Basi siku moja akakuta barua ya kijiji kimoja wakiomba wapewe mwalimu mwenye sauti nzuri, maana yule wa kwanza kahamishwa na kwaya imebaki yatima. Akakuta taarifa ya mtendaji mmoja anayeeleza kwa heshima zote kwamba mkutano wa hadhara uliahirishwa kwa sababu fisi alipita katikati na wajumbe hawakurudi. Kijana akacheka peke yake kwenye kona. Tangu siku hiyo akawa anafungua.

Wiki ile ile akaja mzee wa kwanza. Nitamwita Mlalamikaji, kwa sababu ndivyo faili lake linavyomwita. Aliingia ofisini kwangu kofia mkononi, akaniamkia shikamoo. Mzee wa umri wa baba yangu! Hilo huwa linanikera, watu wazima wakishaona meza na mhuri wanajigeuza watoto.

"Mzee, usinitie laana. Shikamoo ni ya kwangu kukupa wewe."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akacheka kidogo, akakaa. "Nimesikia mnachoma makaratasi."

"Tunachambua."

"Lipo langu moja. Naomba likae juu kabisa, lishike moto la kwanza."

Akanisimulia. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye boma moja. Wachache anawapeleka kwa rafiki wa kijiji cha mbali, awachunge, anywe maziwa, awatumie kulimia. Ukija ugonjwa au wezi, huwezi kufilisika kwa usiku mmoja. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mwaka wa ukame, mzee huyu aliswaga kundi lake kuelekea Bukombe kutafuta majani. Njiani mtamba mmoja akachoka, akamwacha kwa rafiki yake. Harusi, msiba, ukame, mambo yakawa mengi, akasahau. Mvua ziliporudi akahesabu ng'ombe wake, mmoja hayupo. Akamtazama jirani yake, ambaye siku hizo walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba, akasema: mwizi ni huyu.

Kesi ikafika baraza la kata. Jirani alibanwa, akaapa, hakuna aliyemwamini. Baraza lilikuwa linakaribia kutoa uamuzi ndipo akatokea mtu kutoka Bukombe na salamu za yule rafiki: njoo umwone ng'ombe wako, amezaa.

Nilijitahidi nisicheke. Sikuweza.

"Unaona?" akasema mzee. "Hata wewe. Sasa mjukuu wangu anamwoa mjukuu wa jirani yule yule. Vijana wamependana, sisi tufanyeje? Tunakaa kikao cha mahari mwezi ujao. Na wale ni watu wa maneno. Wakilichukua hilo faili wakalisoma mbele ya washenga, kwanza mahari itapanda, pili mimi nitaiweka wapi sura yangu? Mjukuu wangu ananiheshimu, mwanangu. Hajui habari hii."

Nikatafuta faili, nikatazama mwongozo. Mashauri madogo ya mabaraza ya kata, muda ukipita, yanateketezwa. Nikamwambia alale usingizi, faili lake litachomwa bila hata yeye kuomba. Akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja sana", mpaka mlangoni. Kesho yake akanitumia michembe, viazi vya kukausha, fuko zima. Zawadi haturuhusiwi kupokea, kwa hiyo niliiweka mezani kwenye chai ya ofisi nzima, na mwanasheria ndiye aliyekula kuliko wote. Nilijisikia vizuri. Ni mara chache serikali na mtu wanataka kitu kimoja siku moja.

Raha yangu haikukaa. Siku chache baadaye baiskeli ikaegemezwa kwenye dirisha langu, akaingia mzee mrefu, mkavu, asiye na papara. Aliniamkia "mwangaluka" kama wanavyosalimiana watu wa huku asubuhi, kisha akasema moja kwa moja: "Nasikia mnachoma mashauri ya kata. La kwangu naomba mliache."

Alikuwa Mlalamikiwa.

Nilidhani anataka kulisoma kwenye kikao cha mahari, kama mwenzake alivyohofia. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, nakiri, maana nilikwisha kuchagua upande.

"Kulisoma? Kwa nani?" Alishangaa kweli. "Nisikilize, mama. Siku ile nilipoitwa mwizi, ilikuwa siku ya gulio, watu wote walisikia. Siku niliposafishwa walikuwepo wajumbe wa baraza, na sasa wengi wao wameshakufa. Mpaka leo nikipita mnadani, kuna mtu anavuta kamba ya ng'ombe wake karibu. Hasemi kitu, anavuta tu. Nimezeeka nikitazama watu wakivuta kamba. Lile faili ndiyo karatasi pekee ya serikali inayosema mimi si mwizi. Mkiichoma, nitabaki na nini?"

Nikamwambia nitampa nakala yenye mhuri aiweke kwake nyumbani. Akatikisa kichwa. "Ikiwa mfukoni mwangu watasema nimeitengeneza steshenari. Kwenu ndiyo inaaminika."

Akaondoka. Nilibaki nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mwenzake, nikamkasirikia na yule karani wa baraza aliyeandika vizuri hivyo, kwa mwandiko unaosomeka. Karatasi ni ile ile. Huyu haimwachi alale ikiwepo, huyu hataweza kulala isipokuwepo. Na mimi nilishampa mmoja neno langu.

Usingizi wangu mwenyewe uliharibika, na mume wangu akaniambia kama ni ng'ombe mmoja tu basi nimwache apite. Lakini haikuwa habari ya ng'ombe. Kufika asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Aibu ya Mlalamikaji alikuwa ameitengeneza mwenyewe. Mwenzake alikuwa ametengenezewa.

Kwenye kamati niliweka faili mezani, nikasema hili lisichomwe. Mwongozo wenyewe unaturuhusu: katika kila aina ya mafaili yanayoteketezwa, machache yanabakizwa yawe mfano, ili watu wa miaka ijayo waone kazi ilivyofanyika. Mwanasheria akauliza kwa nini hili na si lingine. Sikumficha, nikamweleza yote, wazee wote wawili. Akainamisha kichwa, akalisoma mwanzo hadi mwisho, kijana yule yule wa "choma".

"Ushahidi umeandikwa vizuri," akasema. "Na uamuzi una sababu. Kama ni mfano, huu ni mfano."

Bwana mifugo alikuwa amefika kwenye ukurasa wa ng'ombe kuzaa, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Alipotulia akasema kwao kila ukoo una ng'ombe wa namna hiyo, aliyesahaulika kwa rafiki, na kwamba kama kuna faili linaloeleza maisha ya watu wa huku, basi ni hilo. Tukasaini. Likaingia kwenye boksi la kutunzwa daima.

Ikabaki kumwambia Mlalamikaji. Nilimtumia ujumbe aje kabla ya kikao cha mahari, nisije nikamwacha aende pale akijidanganya. Alipokuja sikuzunguka. Nikamwambia faili lake halitachomwa, na kosa la kumwahidi mapema ni langu.

Akasema polepole, "Ni yeye kaja?"

"Ni yeye."

"Anataka kunizika nalo."

Hapo hasira zangu zikanipanda. "Mzee, nakuheshimu, lakini nisikilize. Wewe ulicheka na mimi hapa. Mwenzako hajacheka tangu siku ile. Unajua kwamba mnadani watu wanavuta kamba akipita?"

Akaniangalia. "Kamba gani?"

"Za ng'ombe wao. Mpaka leo."

Hakuwa anajua. Nilimwona usoni kwamba hakuwa anajua. Miaka yote alidhani jambo lile liliisha siku ng'ombe alipozaa, likabaki aibu yake tu ya kusahau. Alishika kofia yake, akainuka, akatoka bila kuaga. Niliumia. Nilijua nimesema kweli, lakini yule alikuwa mzee na mimi nilikuwa nimemfokea.

Siku ya kuteketeza ilifika. Shimo lilikuwa nyuma ya jengo la zamani, na utaratibu unataka mashahidi, kwa hiyo tulikuwepo kamati nzima na watumishi wengine, na wananchi waliokuja kushangaa. Moto ulikuwa umeshika vizuri niliposikia bodaboda. Wakashuka wazee wawili. Mlalamikaji na Mlalamikiwa, wamepakiwa pamoja, wamevaa mashati ya kanisani.

Niliogopa, sitadanganya. Nikadhani wamekuja kunishtaki.

Wakanisalimia. Mlalamikiwa ndiye aliyesimulia, mwenzake akitazama moto. Kikao cha mahari kilikuwa kimekaa siku mbili nyuma. Washenga walipotaka kuanza kutaja ng'ombe, babu wa bwana harusi akaomba nafasi. Akasimama mbele ya koo zote mbili, mbele ya mjukuu wake, akaeleza habari ya mtamba wa Bukombe, bila kuacha kitu. Akasema alimsahau ng'ombe kwa kichwa chake mwenyewe, akamwita mwizi mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwisho akasema ng'ombe wa kwanza wa mahari atakuwa wa uzao wa yule yule.

"Akaletwa kweli," alisema Mlalamikiwa. "Jana. Akaingia kwangu kwa mlango, mchana, watu wanaona."  Nikageuka kama mtu aliyeingiwa na moshi.

Akaendelea, "Kwa hiyo mama, lile faili, kama bado linakusumbua, litupie tu humo. Mimi nimeshapona."

Nikamtazama Mlalamikaji. Nilijua ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba boksi limeshafungwa na kusainiwa, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema taratibu safari hii.

"Hapana," alisema yeye kabla yangu. "Liache."

"Ndugu yangu, umeshasema mbele ya watu, inatosha."

"Haitoshi. Mimi nitakufa, na wewe utakufa. Niliyoyasema juzi watoto watayasahau, hata mimi nilisahau ng'ombe mzima. Liache liseme wewe si mwizi."

Mlalamikiwa akamsogelea. Wakasimama wakitazama karatasi za watu wengine zikiungua, mpaka mwanasheria akaja kuwaamkia na kuwauliza kama mwaka huu kuna michembe.