Vigae vya Jiko na Saa za Pak Wiryono

Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, Bu Tarsini alimwaga beseni. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake la kwanza baada ya kusali. Beseni la bluu lilikesha chini ya tundu la paa, pale kati ya mafiga na mtungi wa maji. Asubuhi alilibeba kwa mikono miwili, akalimwaga mferejini, akalirudisha palepale, kisha akalisukuma kidogo kwa kidole cha mguu mpaka tone lianguke katikati. Na wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta wa mbao, alisikia krrk, krrk, krrk. Mumewe huyo, Pak Wiryono, anazitia saa zake ufunguo.

Zamani mlio ule ulimpendeza. Siku hizi ulimkera kama mchanga kwenye wali.

Pak Wiryono (huko Pak ni Bwana, na Bu ni Bibi) alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli. Tangu ujana wake hakuvuta sigara, hakucheza kamari, wala hakufuga ndege wa kuimba kama wanaume wengine wa Solo, mji wao kisiwani Java. Yeye alinunua saa. Alizipata mojamoja kwenye vibanda vya vitu vya kale, soko la Triwindu, na kila moja alirudi nayo nyumbani ameificha ndani ya soksi, kana kwamba mkewe hana macho. Sasa zilijaa kwenye sanduku la mti wa msaji ambalo zamani lilikuwa la cherehani ya mama mkwe. Cherehani yenyewe ilihamishiwa chini ya kitanda, ikashika kutu huko.

Bu Tarsini aliuza wali. Aliupika kwa tui zito, akauuza asubuhi mdomoni mwa uchochoro, kwenye majani ya mgomba, pamoja na mchuzi wa maboga mabichi na kuku wa kuchambua. Wateja wake wa kwanza walikuwa waendesha baiskeli za abiria. Paa la jiko lilipopasuka, maji yakawa yanaangukia kuni, kuni zikawa zinatoa moshi, na wali ukaanza kunuka moshi. Siku moja wale waendesha baiskeli walikula bila kusema neno, wakalipa, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililomuuma. Mtu wa Solo akipenda chakula atakutania mpaka uchoke, lakini akikaa kimya na kushukuru sana, ujue umemlisha vibaya.

Dada yake, Darmi, alikuwa mjane anayeishi mji jirani wa Klaten, karibu na stesheni. Alikuwa na jiko kubwa lisilovuja. "Njoo upikie huku," alimwambia. "Wali wako utaliwa popote penye watu wenye njaa. Huyo bwana wako mwache apike saa zake."

Bu Tarsini hakutaka kwenda. Uchochoro ule ulikuwa wake, na wateja walikuwa wake. Lakini alimwambia mumewe wazi, tangu wakati wa upepo, watoto wakirusha tiara: vigae vya jiko vibadilishwe kabla mvua hazijashika, la sivyo atahamia kwa Darmi na vyungu vyake.

"Nitauza saa moja," alisema Pak Wiryono. "Moja tu inatosha."

Ikawa kila jioni anatandika kitambaa cha batiki mkekani na kuzipanga saa zake juu yake, akizitazama kama mtu anayeagana na mahujaji. Bu Tarsini alikaa pembeni akichambua kuku.

"Hii?" aliuliza, akielekeza kwa kidole gumba.

"Hiyo ya baba. Alifariki nayo mkononi."

"Sawa. Hii?"

"Hiyo niliinunua mwaka aliozaliwa mwanetu Prayit."

"Prayit yuko Batam, hata kupiga simu hakumbuki. Haya, hii hapa?"

"Hiyo mgonjwa. Inachelewa. Utamuuzia mtu kitu kigonjwa? Aibu, Mama Prayit."

"Basi uza hii nzima."

"Hiyo ndiyo inayonijulisha kwamba ile inachelewa."

Bu Tarsini aliweka paja la kuku chini. "Na hii yenye mkanda mwekundu?"

"Hiyo niliinunua siku niliyoamua kwamba sitanunua tena."

"Lakini ulinunua tena. Hizi mbili zilikuja baadaye, nilikuona."

"Ndiyo maana hiyo ina thamani," alisema Pak Wiryono kwa upole, akaipangusa kioo kwa pindo la shati lake.

Wanunuzi walikuja. Tatizo halikuwa wanunuzi. Watu wa majambia ya kale pale mjini hawasemi kwamba wanauza jambia; wanasema limepata mwenzi. Mnunuzi hukaribishwa chai, hupimwa maneno yake na mkao wake, huulizwa siku aliyozaliwa, na siku hiyo isipopatana na jambia, hurudishwa kwa adabu mikono mitupu. Pak Wiryono aliichukua desturi hiyo na kuivisha saa zake, ambazo nyingi zilitoka kiwandani kwa maelfu, zinafanana kama punje za mchele. Bu Tarsini alijiuliza kila mara: saa ya kiwandani nayo ina nyota yake?

Alikuja kijana mmoja, akauliza bei ya mwisho kabla hajakaa. Huyo alikataliwa papo hapo, ila yeye mwenyewe hakujua amekataliwa mpaka alipofika barabarani. Akaja mama mmoja daktari wa meno, mtu mstaarabu, akanywa chai vizuri, akajibu maswali yote. Pak Wiryono alikaribia kukubali. Kisha mama yule akasema kwamba saa ataiweka kwenye droo.

"Droo!" Pak Wiryono alimwambia mkewe baadaye, karibu kulia. "Ningemwozesha mwanangu kwa mtu atakayemfungia kabatini?"

"Baba Prayit, zako zimo kwenye sanduku."

"Lakini mimi nazifungulia kila asubuhi."

Bu Tarsini aliinuka akaenda jikoni. Beseni lilikuwa nusu.

Siku aliyokuja Togar, mvua ilikuwa imeanza tangu adhuhuri. Togar alikuwa Mbatak, mtu wa Sumatra, mwenye karakana ya matairi kule barabara kuu. Aliishi Solo muda mrefu, lakini ulimi wake haukujifunza kuvua viatu mlangoni. Alitundika mwavuli wake kwenye kitasa, akaingia huku akijifuta shingo kwa taulo.

"Pak Wiryono! Umeniita, nasikia unauza saa. Ziko wapi?"

"Karibu kwanza, Kaka Togar. Karibu chai."

"Chai nitakunywa nikiangalia." Na kweli alichukua kikombe kabla hajaambiwa mara ya pili, akafyonza kwa sauti. Bu Tarsini alimpenda palepale.

"Kaka ulizaliwa siku gani?" aliuliza Pak Wiryono.

"Siku mama yangu alipochoka kunibeba. Hii kubwa bei gani?"

Pak Wiryono aliivuta ile kubwa kidogo upande wake. "Hiyo ina historia ndefu."

"Na hii?"

"Hiyo ndefu zaidi."

Togar aligusa ya tatu, nayo ikavutwa. Aligusa ya nne, ikapanguswa, ikasifiwa, ikavutwa. "Pak," alisema, "umeniita kununua au kuja kuwasalimia ndugu zako?"

Jikoni tone lilianguka kwenye makaa: tssss.

"Nini hicho?"

"Jiko," alisema Bu Tarsini, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi za kukaanga.

"Jiko linanyeshewa?"

"Ndiyo maana umeitwa, Kaka Togar."

Pak Wiryono aliona haya. Masikio yake yalibadilika rangi. Aliinama juu ya sanduku, vidole vyake vikapita juu ya saa ya baba yake, vikapita ya Prayit, vikapita ile mgonjwa na mwenzake, vikarudi, vikasita. Mvua ilizidi. Kisha mkono ukazama kwenye kona ya chini na kutoka na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyekuwa amepotea akaona taa ya nyumbani.

"Hii," alisema. "Hii naweza."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na saa ndogo ya kike, ya rangi ya dhahabu, uso wake mdogo kama kifungo cha shati.

Sahani ya ndizi ilitulia mikononi mwa Bu Tarsini. Aliijua saa ile kabla kitambaa hakijafunguka chote. Kadhi alikuwa ameitaja mbele ya watu, uani kwa baba yake, kwa sauti ya kukwaruza: msahafu, mswala, na saa moja ya mkononi, taslimu. Shangazi zake walisukumana kwa viwiko, maana siku zile mwanamke mwenye saa mtaani kwao hakuwepo. Aliivaa kwenye harusi na Idi tu. Ilikuwa ikikaa kabatini kwake, mpaka mwaka mmoja mumewe alisema kabati lina unyevu, akaihamishia sandukuni iwe salama.

Togar alinyoosha mkono wake wenye weusi wa matairi kandokando ya ile saa. "Pak, utani huo. Hii itanienea kidole."

"Mpelekee mkeo. Atafurahi." Kisha Pak Wiryono akageuka, akatumia ile sauti tamu ya mbele ya wageni. "Mama Prayit, hii hatuihitaji sana, au siyo?"

Mbele ya mgeni! Angeweza kumfuata jikoni. Angeweza kumuuliza jana, juzi, jioni zote zile alipokaa pale akichambua kuku. Mbele ya mgeni mwanamke wa Solo ana jibu moja tu: anatabasamu, anainamisha kichwa, anasema karibu, kisha anakwenda kukata vitunguu kwa nguvu kuliko vinavyohitaji.

Bu Tarsini alitabasamu. Aliinamisha kichwa. "Karibu tu," alisema, kwa lugha ya heshima.

Togar hakuigusa saa. Alimtazama mama yule, akaitazama sahani ya ndizi ambayo bado hajaiweka chini.

"Mama, samahani," alisema. "Hiyo 'karibu' ni ya kwetu au ya kwenu? Ya kwetu ni karibu basi. Ya kwenu bado sijaijua. Nilishawahi kula kwa mtu chakula chote cha usiku, kumbe aliponikaribisha alitaka niage."

"Kaka Togar, mke wangu amesema..."

"Nimemsikia. Saa ya nani?"

"Ya nyumba hii," alisema Pak Wiryono.

"Ni mahari yangu," alisema Bu Tarsini.

Togar aliivuta mikono yake, akaikalia kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. "Mimi nikinunua mahari ya mwanamke aliye hai, mama yangu atafufuka anicharaze."

"Lakini haivai!" Pak Wiryono alisema, na sasa ile sauti ya wageni ilikuwa imemtoka. "Nani anaitia ufunguo kila siku? Mimi! Ingeachwa kwake ingekuwa imekufa zamani. Mama Prayit, elewa. Nyingine zote, nikitoa moja, pengo lake nitaliona kila asubuhi. Nikiitoa hii, sanduku linabaki vilevile."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe, kama anayemweleza mtu njia ya mkato. Hilo ndilo lililomchosha Bu Tarsini kuliko yote. Hakukuwa na ubaya pale wa kugombana nao.

Aliweka ndizi mbele ya mgeni. Aliichukua saa juu ya batiki, akaivaa. Mkanda ulifika tundu la mwisho kwa shida. Mkono haukuwa tena ule wa uani kwa baba yake. Akaenda jikoni. Alitia upawa, mwiko na kile chungu chake kirefu cha wali ndani ya tenga, akalifunga mgongoni kwa shali, akavuta fundo kifuani. Beseni la bluu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji yamevimba yanatetemeka, yanangoja tone moja. Alilitazama. Hakulimwaga.

Alipopita sebuleni aliinama kidogo mbele ya mgeni, kama inavyopasa. "Natangulia, Kaka Togar. Malizia chai."

"Mama Prayit! Wapi na mvua hii?"

"Kwa Darmi."

Pak Wiryono alisimama, akakaa, akasimama. "Basi nauza! Sikiliza, nauza nyingine, leo hii, huyu hapa Kaka Togar shahidi. Ngoja tu niangalie ipi."

Bu Tarsini alisimama mlangoni. Alingoja. Mgongo wake ulielekea sebuleni, lakini masikio alimpa. Alitaka sana kusikia jina la saa moja, hata ile mgonjwa. Alisikia kifuniko cha sanduku. Akasikia vidole vikipita. Akasikia kioo kikipanguswa.

"Hii," alisema mumewe. Kisha, polepole: "Hapana. Siyo hii."

Togar aliinuka, akautoa mwavuli wake kwenye kitasa, akamkabidhi mama yule kwa mikono miwili, kama walivyomfundisha watu wa Solo. Bu Tarsini akaufungua, akashuka kizingiti, akashika uchochoro uliojaa maji ya rangi ya chai. Waendesha baiskeli waliojikinga chini ya turubai waliuliza kama kesho kuna wali. Akawaambia upo, Klaten, karibu na stesheni.

Mwavuli ulirudi wiki hiyohiyo, umeletwa na mfanyakazi mmoja wa treni, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukambaa wa jani la mgomba. Bu Tarsini mwenyewe hakurudi.