Ukurasa wa Sita

Mimi hata nyanya nazihesabu mara mbili: mara moja mbele ya muuzaji, mara ya pili nyumbani, maana nyanya nazo hujua kupungua njiani. Ndiyo maana wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi waliniamini niwasomee mkataba.

Ilikuwa miaka ya vita. Tajiri mmoja alifungua karakana ya mashati chini ya zoni fransi. Wengi walidhani zoni ni mahali penye ukuta. Ilikuwa cheti tu: vitambaa viingie bila ushuru, mashati yote yauzwe nje ya nchi, hata moja lisionekane sokoni. Alitaka washonaji kumi na wawili. Mimi niliahidiwa kazi ya stoo, iwapo vidole gumba kumi na viwili vingegonga wino kabla ya alasiri.

Kumi na mmoja walikuwa tayari. Wa mwisho, jirani yangu mjane, alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mwarabu. Akiondoka, baraza ingepata mtu mwingine siku hiyohiyo.

"Kaka, mi nauliza kimoja tu," alisema. "Wakifunga, watatulipa ya kutuachisha?"

Mkataba ulikuwa wa Kifaransa, kurasa saba. Nilishazihesabu mara mbili. Wa sita ulisema kampuni ya zoni ikisimamisha kazi, mfanyakazi ataondoka bila notisi wala malipo. Nilitazama jua. Nikalowesha kidole, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Sheria ya kazi ipo, dada," nilimjibu. Na ilikuwepo kweli. Ila haikuwahusu watu wa zoni.

Akagonga kidole. Tukainua mikono tukasoma Fatiha, kama tunavyofunga posa na mauziano. Kwetu, ukishasoma Fatiha, kudai nakala ya karatasi ni kumwita mwenzako mwizi. Hakuna aliyedai.

Kisha nchi jirani zikafunga mipaka. Mashati yakakosa njia ya kutoka, na mjini cheti kilikataza yasiuzwe. Nikawa nayahesabu mara mbili kila asubuhi, kana kwamba hesabu ingeyafungulia mpaka. Tajiri akafunga lango.

Mjane akanijia asubuhi yake. "Twende Rohero, ofisi ya kazi. We unajua kubishana."

Nilitafuta udhuru, sikuupata.

Afisa alifungua faili la karakana, akasimama kwenye ukurasa wa sita. Aliusoma kwa Kifaransa, halafu akaurudia kwa Kirundi, polepole, kama anayempa mtoto dawa chungu.

"Mama, alama hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulikubali."

Mimi ninayebishania kitunguu kimoja hadi muuzaji aombe dua, nilitazama sakafu.

Tulirudi mtaani kwa miguu, tukapita duka la Mwarabu. Baraza yake ya zamani ilikuwa na muuza viatu tangu siku nyingi. Mwishowe alisema, bila kunitazama:

"Labda ile karatasi walikupa wewe ilipungua ukurasa mumoja, kaka. Mutu anaweza kupewa pungufu."

Maisha yangu yote sijapunguziwa bei bila kuomba. Safari hii nilipunguziwa, na aliyenipunguzia ndiye niliyemwibia.

"Labda, dada," nikasema.

Akatikisa kichwa, akatangulia kuelekea madukani, kuuliza kama kuna baraza.