Sakafu ya Daktari wa Magoti

Fundi aliyeitwa Pimamaji alikuwa na wivu. Tuliseme mapema ili baadaye tusije tukaonekana tunamsengenya. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na mkewe hakuwahi kulala na njaa. Ila akisikia fundi mwenzake anasifiwa, tonge lilimkwama kooni. Kazi yake ilikuwa kuweka vigae vya sakafu, na jina hilo walimpa wateja kwa kuwa sakafu zake zilitulia sawasawa, hata ukiweka gololi haiendi popote. Alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi.

Sakafu haiwekwi na mtu aliyesimama. Pimamaji alitumia nusu ya maisha yake akiwa amepiga magoti juu ya saruji, na goti la kulia ndilo lililochoka kwanza. Lilianza kuuma asubuhi, likaja kuuma kutwa, mwishowe likavimba na kupinda kwa ndani. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga bandeji, akamsihi aende hospitali.

"Litapoa," alisema. Halikupoa.

Wakati goti linagoma, kazi zilikuwa zikihamia kwa shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mkewe, ambaye Pimamaji mwenyewe alimchukua awe saidia fundi akiwa hajui hata kuchanganya saruji. Alimfundisha kuvuta uzi, kukata pembe, kupanga safu. Sasa shemeji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na familia, na wateja walimpigia simu yeye moja kwa moja. Tena walimsifu! Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alisema mbele ya Pimamaji kwamba shemeji ana mkono mwepesi na hana maneno mengi. Pimamaji akacheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Siku ile alinuna mpaka mkewe akamuuliza kama goti limezidi.

"Si goti."

"Ni nini basi?"

"Ni huyo ndugu yako."

Hapo ndipo alipokubali kupasuliwa. Msidhani ni kwa ajili ya maumivu. Maumivu alikwisha kuyazoea. Alitaka goti jipya ili arudi chini sakafuni, awafunge watu midomo kabla hawajasahau nani ni fundi na nani alikuwa saidia.

Shemeji alifurahi kusikia hivyo, akaja mbio. "Kuna daktari bingwa, mama mmoja," akasema. "Kazi yake ni magoti na nyonga tu. Nimeongea naye mimi mwenyewe. Twende kesho nikupeleke."

Wakaenda watatu, shemeji akabaki nje kwenye benchi. Pimamaji aliingia kwa daktari na fimbo yake na, kama kawaida yake, akatazama chini kabla hajatazama uso wa mtu. Akaganda. Safu za vigae zilitoka mlangoni mpaka dirishani bila kuyumba. Pale kwenye fremu ya mlango, mahali ambapo mafundi wavivu hubandika vipande vipande, kigae kilikuwa kimekatwa kimoja kizima kikazunguka kona. Mji mzima ulikuwa na watu wawili tu waliokata namna ile, na yeye hakukumbuka kukanyaga chumba hicho.

Daktari alitundika picha ya eksirei ya goti kwenye taa na kueleza taratibu. Ile gegedu laini inayotenganisha mifupa ilikuwa imelika yote, mfupa ulisaga mfupa. Angeondoa sehemu zilizochakaa, aweke goti la bandia la chuma na plastiki. Mke akauliza mambo ya maana, hatari za upasuaji, muda wa kulala wodini, nani atamfanyisha mazoezi. Pimamaji akauliza moja.

"Nitapiga magoti?"

"Utatembea vizuri, mzee. Utapanda ngazi, utalala bila maumivu," daktari akasema. "Kupiga magoti kidogo juu ya kitu laini, labda. Kushinda juu ya saruji, hapana. Nikikuahidi hilo nitakuwa nakudanganya."

"Na sakafu hii alikuwekea nani?"

Daktari akatabasamu. "Yule bwana aliyekuleta! Fundi hodari sana. Ndivyo tulivyofahamiana."

Basi. Pimamaji alitoka mle ndani uso umemwiva, akampita shemeji kwenye benchi kama hamjui. Barabarani ndipo alipolipuka. Kwanza shemeji amefanya kazi kubwa namna ile kimyakimya, bila hata kumwambia. Pili, daktari na shemeji ni kitu kimoja, wamekaa wakapanga kwamba mwalimu asipige magoti tena ili mwanafunzi atambe peke yake. Yeye hapasuliwi na mtu anayekanyaga sakafu ya mwingine.

"Mume wangu," mkewe akasema, "unapasuliwa goti. Hupasuliwi sakafu."

Lakini wivu ukishamkaa mtu kichwani unakuwa na akili zake. Pimamaji akachagua daktari wake mwenyewe, kwa kipimo chake mwenyewe. Upande wa pili wa mji kulikuwa na hospitali ambayo korido zake zote alizitandika yeye, miaka hiyo goti likiwa zima. Daktari anayepita juu ya kazi yake kila siku, alisema, atamheshimu na atamkata kwa heshima. Akaingia pale akitembea polepole, si kwa maumivu tu, bali apate kuziangalia safu zake. Hakuna kigae kilichokuwa kimeinuka. Alimwonyesha mkewe kona mbili tatu mpaka mkewe akachoka kuitikia.

Daktari wa pale alikuwa kijana na muungwana. Mke hakumpa mumewe nafasi ya kutangulia.

"Daktari, magoti kama haya umewahi kuyabadilisha mengi?"

"Machache mno, mama. Kazi yangu kubwa ni mifupa iliyovunjika, watu wa ajali." Akaitazama picha tena. "Angekuwa baba yangu mzazi, ningempeleka kwa mama yule wa magoti." Akamtaja yule yule daktari bingwa, na aliposikia kazi ya mgonjwa, akatikisa kichwa. "Na magoti juu ya saruji asahau."

Pimamaji akainamisha macho kwenye sakafu aliyoiweka mwenyewe. Ilikuwa nzuri, lakini haikumsaidia kitu.

Akarudi kwa mama yule kwa shingo upande, mkewe akiwa mbele. Moyoni alijiambia kwamba madaktari hawamjui yeye ni nani. Wao wanazungumzia magoti ya watu wengine.

Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, wakamwekea pazia kifuani. Hakuhisi maumivu, ila alisikia msumeno, kisha nyundo, kisha daktari akiomba kifaa na kukataa kingine. Akajisikia yuko kazini, ila safari hii kazi yenyewe ilikuwa yeye.

Kesho yake mama wa mazoezi ya viungo alimsimamisha kwa fremu ya chuma akitweta. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mwalimu mstaafu, naye ana goti jipya, na goti la mwalimu lilikunjika zaidi. Pimamaji alilionea wivu hata hilo. Mwalimu akikunja kidogo, yeye anauma meno na kukunja kidogo tena, mpaka manesi wakawageuzia vitanda wasionane.

Nyumbani ikawa ni barafu, mto chini ya kisigino, kunja, nyoosha, kunja. Shemeji alikuja kila Jumapili na matunda. Wakati mwingine alipitia akitoka kazini moja kwa moja, na suruali yake ilikuwa na madoa mawili meupe ya saruji magotini. Pimamaji hakusikia tena maneno aliyoambiwa. Alitazama yale madoa. Aliyaonea uchungu kama mtu anayemwona mwenzake amevaa nguo yake.

"Unaendeleaje, Shemeji?"

"Karibu narudi kazini."

"Taratibu tu, Shemeji. Kazi haikimbii."

Kazi haikimbii! Ilikuwa imekwisha kumkimbia, na yule iliyemkimbilia ameketi hapo anamenya chungwa. Shemeji akiondoka, Pimamaji alifanya mazoezi kwa hasira, tena na tena, hadi goti likavimba kama papai. Mama wa mazoezi alipoliona akaweka mikono kiunoni.

"Nani amekwambia uzidishe?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako ni mtaalamu wa viungo?"

"Hapana. Ni fundi wa vigae."

Goti likapona, hata hivyo. Akaacha fremu, akaacha gongo moja, akatembea mpaka dukani akabeba mkate kwa mkono wake. Majirani wakampongeza, na mkewe akamshukuru Mungu waziwazi. Siku moja mkewe alipokwenda sokoni, Pimamaji alifunga mlango wa chumbani, akashika ukingo wa kitanda, akajishusha. Juu ya mto goti lilikubali kwa muda mfupi. Akautoa mto. Goti likagusa sakafu tupu na maumivu yakapanda mpaka kwenye kinena, makali na ya kigeni, kama goti la mtu mwingine. Akajaribu tena. Kisha akajivuta akaketi kitandani, akalia. Madaktari wawili walikuwa wamemwambia kweli, na kweli hiyo hakumwambia mtu yeyote.

Sasa alibakiwa na kitu kimoja tu cha kumkomesha shemeji: kasoro. Yule mama wa duka la vitambaa alikuwa anatandikisha vigae kwenye ukumbi wa nyumba yake mpya, na shemeji ndiye fundi. Pimamaji akaenda na gongo lake, akasalimia, akaomba aione kazi. Mama mwenye nyumba akamkaribisha kwa heshima zote.

Kigae ambacho saruji haikuenea chini yake, ukikigonga kinalia utupu. Pimamaji akaanza kugonga kwa gongo, safu kwa safu, kichwa ameinamisha. Vyote vilijibu kwa uzito. Jasho likamtoka. Alimwomba Mungu, ndiyo, alimwomba kabisa, kimoja tu. Karibu na mlango wa stoo gongo likatoa mlio mwembamba.

Furaha iliyompanda hakuipata hata siku alipotolewa nyuzi za kidonda.

"Hiki kinalia," akasema kwa sauti, makusudi, mama asikie.

Mama akamgeukia shemeji, aliyekuwa akipanga safu upande wa pili. Shemeji akaja, akagonga kwa kidole, akaona haya. "Ni kweli, Shemeji. Umenisaidia." Hakubisha, hakujitetea. Saidia fundi wake alikuwa ametumwa saruji, kwa hiyo alivuta ndoo na vifaa vyake mwenyewe. Kisha akapiga magoti, yote mawili kwa pamoja, bila kushika ukuta wala kuguna, kama mtu anayeketi kitini.

Pimamaji akasimama na ushindi wake. Amempata mtu kosa, mbele ya mteja, na adhabu aliyompa ni kupiga magoti. Na adhabu hiyo yenyewe aliionea wivu.

Shemeji aling'oa kigae, akakwangua saruji ya zamani, akamwaga mpya. Bila kuinua kichwa akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu. Fundi akiwa chini hageuki. Anajua nyuma yake kuna mtu. Nyuma yake alikuwepo Pimamaji peke yake. Mkono ukangoja. Mama mwenye nyumba alikuwa anatazama.

Pimamaji akanyoosha mguu wa kulia mbele kama alivyofundishwa na mama wa mazoezi, akainama kwa kiuno, akaokota mwiko kwenye ndoo, akauweka kwenye kiganja.

"Si huu," shemeji akasema, macho yakiwa kwenye saruji. "Ule wenye meno."

Pimamaji akautafuta, akampa.