Safari ya Mayu Kabula Kwenda Kwao

Pale sokoni Bariadi, ninapouza vitenge, wapo watu wanaosema mama yangu alikuwa na kiburi. Wanasema hivyo kwa sababu ya safari moja ya mwaka tisini na sita. Nitaisimulia mwenyewe, maana mimi nilikuwemo garini na wao hawakuwemo, na nimechoka kusikia habari za mayu, yaani mama yangu huyo, zikiongezwa chumvi na watu waliokuwa wamelala majumbani mwao.

Mayu Kabula alilima pamba Zagayu zaidi ya miaka thelathini. Baba alifariki mapema, mayu akabaki na sisi wawili, mimi Elina na mdogo wangu Masalu, akatusomesha kwa jembe la mkono. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimkosea alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko fimbo.

Yeye hakuzaliwa Zagayu. Alizaliwa mashariki, kwenye mbuga ambayo leo iko ndani ya hifadhi. Alipokuwa msichana waliambiwa wahame, ng'ombe wakatangulia, na nyuma likabaki kaburi la baba yake, Maganga, uani, ndani ya ua wa minyaa. Kaka zake walikufa mmoja mmoja huku Zagayu. Akabaki yeye tu, mwenye kaya ile ambayo haruhusiwi kuikanyaga.

Sasa Masalu akapata mtoto wa kiume, akampa jina la babu, Maganga. Kwetu jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi tu. Mtoto hupelekwa pale alipolala mwenye jina, na mwenye kaya humwaga unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akamtaja mtoto, akamwambia marehemu, huyu ndiye wewe. Mgeni hawezi kufanya hivyo hata awe nani. Mimi ni Mkatoliki, nimeolewa kanisani, na sioni aibu kuyasema haya.

Mtoto alifikisha miezi minane, na mayu akawa hana raha. Alikuwa akimbeba na kumwimbia, lakini jina halitaji. Nilimuuliza, akasema, "Nitamwitaje kabla hajapelekwa?"

Miaka hiyo soko la pamba lilikuwa limefunguliwa kwa watu binafsi. Kila aliyepata mizani alikuwa mnunuzi wa pamba, na Masalu naye alinunua kwa niaba ya tajiri mmoja wa Mwanza, akajipatia Land Rover kuukuu. Msimu ulipokwisha akaja na wazo. "Dada, pale hifadhini mtu haingii kama mwenyeji. Lakini kama mtalii anaingia. Tulipe kiingilio, twende likizo kutazama wanyama kama watu wengine."

Nilicheka siku ile. Ningejua nisingecheka.

Tukaenda watano: Masalu kwenye usukani, mkewe Felisita na mtoto, mayu, na mimi. Mayu alivaa kitenge kipya na viatu alivyovaa Pasaka tu. Unga aliufunga kwenye kitambaa, maji akayatia kwenye kibuyu kidogo. Langoni tukaandikwa kwenye daftari la wageni, tukapewa askari wa kutuongoza, kijana mpole jina lake Josia, Msukuma mwenzetu wa Shishiyu.

Wanyama tuliwaona, sitaki kusema uongo. Tuliona nyumbu wengi, pundamilia, twiga na vitoto vyao, na simba jike amelala kivulini kama mama mkwe asiyetaka kusumbuliwa. Felisita alifurahi sana. Mayu hakuwatazama. Alikuwa akitazama vilima, na kila tulipopita kilima alikitaja kwa jina lake, taratibu, kama anayehesabu watoto wake.

Josia akaanza hotuba yake ya siku zote. Akasema nyika hii ni ya asili, haijawahi kukaliwa na mtu tangu dunia iumbwe.

"Hapa palikuwa ngitili ya baba," mayu akasema kwa Kisukuma. "Malisho ya kiangazi. Ng'ombe wa mtu akiingia kabla ya wakati, mwenyewe alitozwa mbuzi."

Josia akageukia dirisha. Alikuwa anajua Kisukuma vizuri sana, na hotuba ile hakuirudia.

Tukazunguka kilima, na mayu akanishika mkono kwa nguvu. Minyaa ilikuwa bado ipo. Imekuwa mirefu kama miti, lakini imesimama kwa duara, na pengo la mlango likitazama magharibi. Lile lilikuwa itongo lao, mahame ya kaya ya Maganga.

Na ndani ya ua mlikuwa na meza. Jamani, meza yenye kitambaa cheupe. Kampuni moja ya utalii ilikuwa imeandaa hapo kifungua kinywa cha porini kwa wazungu sita, wakila mayai pale uani wakikingwa upepo na ua aliopanda babu yangu. Jiwe la kusagia mtama, ambalo bibi alishindwa kulibeba walipohama, lilikuwa limewekewa beseni la kunawia na sabuni ya kunukia. Mpaka leo nikikumbuka ile sabuni kichwa kinaniuma.

Masalu akazima gari hatua chache kutoka mlangoni. Mayu akashika kitasa.

"Hairuhusiwi kushuka," Josia akasema. "Wanyama ni hatari."

"Na wale?" nikamuuliza. "Wale, simba hawawapendi?"

"Wale wana kibali cha kampuni, dada."

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia yote: kaburi, unga, mtoto, mama wa watu aliyengoja tangu usichana wake. Nikamuuliza kama angemfanyia hivyo mama yake aliyemzaa Shishiyu. Sikusema kwa upole, na sijutii. Kijana wa watu akainamisha kichwa. Kisha akashuka, akasema, "Ngoja niwaombe."

Niliona akizungumza na mwongoza wageni wao, yule naye akazungumza na wazungu. Mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, mvi kichwa kizima, akainuka upesi mkono kifuani. Akaja na Josia mpaka dirishani kwetu. Sura yake ilikuwa ya huruma, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata wa kumchukia sikumpata. Akatabasamu, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa kambini:

"Karibu, mama. Karibu kwetu. Karibu chai."

Na mimi, mpumbavu mimi, kwa furaha ya kwamba tumekubaliwa, nikajibu upesi, "Asante sana, tumekaribia."

Nilifungua mlango. Nikashuka, nikanyoosha mkono kumsaidia mayu. Hakuushika. Alikuwa amekaa na kile kitambaa cha unga mapajani, akinitazama.

"Amesema nini huyu?" akauliza kwa Kisukuma, ingawa nadhani alielewa.

"Ametukaribisha, mayu."

"Na wewe umejibu nini?"

Nikaurudisha mkono wangu. Mayu akajijibu mwenyewe. "Umeshukuru. Basi mimi ni mgeni hapa. Mgeni hamwagi unga."

Masalu akageuka kitini. "Mayu, shuka tu. Ni maneno ya adabu, wao hata hawajui maana yake."

"Baba yangu anajua. Ananisikia nakaribishwa uani kwake halafu nije nimwambie mimi ndiye mwenye kaya?"

Tulimbembeleza. Felisita alilia, mtoto naye akalia, Josia akasema dada mwambie bibi nitawaomba waondoke kidogo. Mayu akakataa. Watu waondolewe kwa kuombwa, arudishwe kwao kwa huruma, hilo hakulitaka. Yule mama wa kizungu alisimama pale na tabasamu lake likififia, hajui amekosea nini, na mimi sikuwa na lugha ya kumweleza wala moyo wa kujaribu.

"Geuza gari," mayu akamwambia Masalu.

Njia nzima hakutaja kilima hata kimoja. Unga aliurudisha nyumbani akaupikia uji.

Ndiyo hicho kiburi wanachokisema. Mtu alinyang'anywa kwao bila kuulizwa, akarudi kwa kulipia kiingilio, akakaribishwa chai na watu waliofika juzi, halafu anayelaumiwa kwa kutoshukuru ni yeye. Wa kulaumiwa nawajua, na mimi nimo.

Tangu siku ile alikataza mtoto asiitwe Maganga mpaka apelekwe. Masalu aliomba kibali mara tatu, majibu hayakuja. Sote tukazoea kumwita Mtoto. Mayu alifariki mwaka elfu mbili na moja, mjukuu wake amelala ubavuni pake, na hakuwahi kulitamka jina lile.

Miaka miwili baadaye Masalu alikuwa Mwanza, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akafungua daftari, akauliza jina.

"Maganga Masalu," nikasema.

Mtoto akanivuta kitenge. "Shangazi," akauliza, "Maganga ni nani?"